Chupa Isiyolia

"Kitendawili," ilisema sauti ya Rufino sikioni mwa Nimia Ovelar.

"Tega."

"Kuku wangu anaatamia mayai ya watu, na mwewe kalala bandani."

"Kituo atamizi cha biashara, pale karibu na mto."

"Umepata. Mwewe anaruka asubuhi hii. Mbegu isitoke."

Nimia alikuwa jasusi wa Paraguay. Leo alikuwa mama muuza majani ya dawa langoni pa kituo. Kinu mbele yake. Bastola ya Glock chini ya mnanaa.

Jiji la Asunción lilishaanza kuchemka kwa joto.

Ndani ya kituo, Ramona Cabañas alikuza uyoga juu ya vijiti vya yerba mate, majani ya chai ya Paraguay. Ukishikana, uyoga ule huwa sanduku gumu la kubebea mayai. Ukitupwa, unaoza kama jani. Kituo kilimpa meza, umeme, mwalimu wa hesabu na wateja wa kwanza, mwaka mzima bila kodi. Miezi miwili zaidi, angejitegemea.

Lakini mbegu mama ilikuwa moja tu, tena haivumilii baridi. Ikivuka mpaka, wageni wangeisajili kwa jina lao, naye angekatazwa kuikuza.

Nimia alimshuku kila mtu. Zaidi Kessler, mshauri mgeni, mwenye Rolex na simu mbili.

Huyo anakuja.

"Mama, nipondee ya tumbo."

"Lina nini, bosi?"

"Wasiwasi."

"Hilo mpelekee padri."

Kessler akacheka, akamsogezea chupa yake ya tereré, chai ya mate inayonywewa kwa barafu. Barafu ikagongana ndani. Ko-ko-ko.

Si yeye.

Akatokea mkurugenzi, Derlis Ayala, mzaliwa wa mtaa huohuo. Ndiye aliyempa Ramona nafasi. Alitembea haraka, chupa yake ya Stanley ya kutunzia baridi kwapani.

Chupa kimya.

Mchi wa Nimia ukasimama. Mtu wa Asunción, joto hili, tereré bila barafu?

"Don Derlis, lete nikutilie majani."

"Leo sitaki, mama."

"Chupa imenyamaza. Barafu umemwachia nani?"

"Imeyeyuka."

"Asubuhi hii? Stanley hiyo hulala na barafu mpaka kesho."

Derlis akatupa jicho barabarani. Hilux nyeupe ilikuwa inanguruma.

Akatimua mbio.

Mchi ukaruka, ukampata nyuma ya goti. Alipoanguka, Nimia alikuwa ameshaidaka chupa.

"Rufino. Hilux nyeupe."

"Nimeizibia njia, dada. Wanashuka, mikono juu."

Derlis alifungwa pingu akiwa amekaa vumbini.

"Kwa nini?" Ramona alimuuliza, ametoka ndani mbio.

"Miezi miwili, ungeondoka. Wote mnaondoka. Mimi nabaki na viti vitupu."

"Ndiyo kazi ya kuku, bwana," alisema Nimia.

Ramona akapokea chupa, akaifungua, akanusa.

"Iko hai."

"Basi nami nikutegee," alisema Nimia. " Nina tumbo la chuma. Nikishiba nalia, nikificha siri nanyamaza."

Ramona akaitazama chupa mikononi mwake. Alipoinua kichwa ajibu, mama muuza majani alishavuka barabara, kinu kwapani, anatembea polepole kama mwenye siku nzima.