Hodi ya Shemeji

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu, mwongoza ndege, mwanamke asiyekubali kuchezewa akili. Ndege aliyoirusha shemeji yake ilipotea baharini na abiria wake wote, na kila mtaalamu akaja na lake. Huyu alisema dhoruba, yule akasema mafuta, mwingine akadai rubani alisinzia.

"Asinzie shemeji yangu?" aliwaka. "Kila akikaribia kutua ananipigia hodi redioni. Siku ile hodi yake ilikatika kabla sijamkaribisha. Nileteeni ndege, msiniletee porojo."

Mkuu wake akamwambia akapumzike.

Baadaye ofisi ikahamia mnara mpya, naye mchana mmoja akarudi ule wa zamani kuchukua sweta lake. Umeme ulishakatwa na mapazia mazito yameshushwa, kwa hiyo akapanda ngazi akipapasa. Aligusa sweta, kisha akagusa redio, waya wake umeviringishwa juu yake.

Redio ikakwaruza. "Hodi," ikasema sauti anayoijua. "Hodi, shemeji."

Mwingine angetimua mbio, lakini yeye alivuta kiti akakaa.

"Karibu, shemeji. Njia nyeupe. Tua."

Nje matairi yalilia kwenye lami, kisha kukawa kimya. Akafungua pazia. Jua lilikuwa kali na uwanja mtupu, ila michirizi miwili ya maji ilikatiza lami kavu mpaka chini ya mnara.

Mlango wa chini ukagongwa, na safari hii hodi ilipigwa na sauti nyingi kwa pamoja.