Saa Moja na Nusu Pale Sindo

Sogeeni karibu, maana hii haisimuliwi kwa sauti kubwa.

Moraa aliposhuka kwenye meli pale Sindo, saa kumi na moja jioni, aligeuka kutazama mchanga aliokanyaga, akaona nyayo za watu wawili. Za kwanza zilikuwa zake, za raba. Za pili zilikuwa za miguu mitupu, zimelowa, zikifuata zake hatua kwa hatua. Na nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Ni za wavuvi," akajiambia, akaongeza mwendo.

Hakuwa na muda wa kushangaa. Alikuwa mpishi kwenye meli ya kutembeza wageni kutoka Homa Bay, na tangu aajiriwe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza meli kusimama Sindo. Saa moja na nusu tu, wageni wapige picha, wanunue vikapu, warudi. Kapteni Maranga alishasema, "Saa kumi na mbili na nusu naondoka. Atakayebaki, abaki huko huko, kazi asahau." Na mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, kwa mama mkwe wake, alikuwepo Valentine, binti yake wa miaka mitano, ambaye hakuwa amemtia machoni miezi minane. Moraa alikuwa ameshaigawa saa hiyo kichwani: kumwogesha, kumsuka, kumlisha kwa mkono wake. Basi.

Kwa ajili ya saa hiyo alinyamaza. Niwaambie alinyamazia nini. Mchana wa saa tisa, akimwaga maji ya viazi dirishani, aliona mwanamume ndani ya ziwa. Amelala chali, shati la bluu, macho wazi. Wakatazamana. Sasa watu wa ziwa, ukikuta maiti majini, humpiti. Unasimamisha chombo, unamfunga kamba, unamvuta mpaka nchi kavu, awe wa kwenu au asiwe. Moraa alizaliwa Kisii lakini alikuwa ameolewa huku miaka saba. Hilo alilijua vizuri. Alijua pia kwamba akipiga kelele, meli itasimama, polisi wataitwa, na Sindo haitafikiwa siku hiyo. Akafunga dirisha.

Mama Truphena, mkwe wake, alikuwa akianua dagaa wa omena uani. Alipomwona akatupa ungo. "Woi! Mke wa mwanangu! Umekonda hivi, hao wazungu wanakula na mpishi pia?" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akanusa hewa. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Mama."

Valentine akatoka mbio, mikono imenyooshwa. Moraa akachuchumaa ampokee. Mtoto akampita, akasimama nyuma yake, akainua macho.

"Anko," akasema, "mbona umelowa?"

Moraa hakugeuka. Alimvuta mtoto, akamkalisha katikati ya magoti yake, akatoa kitana, maana dakika zilikuwa zinakwenda na alikuwa amekuja kusuka, na atasuka. Lakini kila alipogawa nywele maji yalichuruzika kwenye vidole vyake, maji ya ziwa, mazito, yenye harufu ya matope na ya samaki aliyelala, na shingo ya mtoto ikawa baridi, kisha mabega, kisha vile vidole vidogo alivyokuwa akiviota usiku miezi minane yote, na nyuma ya mgongo wake mwenyewe kitu kilikuwa kinatona, tone, tone, tone, kikisogea polepole bila hatua kusikika, mpaka Valentine akafungua mdomo na sauti ikatoka, na haikuwa ya mtoto.

"Uliniona."

Kitana kikaanguka.

"Ulimwona nani?" Truphena akanong'ona. "Sema, mama. Sema haraka."

Moraa akasema yote. "Nilitaka kumwona mtoto wangu, Mama. Kumwona tu. Ni jini?"

"Jini hana kwao. Huyu ana kwao, anataka kurudi, na wewe ulimfungia dirisha." Truphena alikuwa amemkumbatia mjukuu wake, akimsugua miguu. "Kamlete. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla jua halijazama. Likizama na yeye bado majini, atakwenda na huyu."

Moraa alikimbia. Gatini alimshika kapteni mkono. "Kapteni, nisubiri, tafadhali! Kuna maiti tulimpita, mtoto wangu anakufa!"

Maranga alikuwa mzaliwa wa ziwa. Alitazama chini. "Hata mimi niliona," akasema kwa sauti ya chini. "Nina wageni arobaini, Moraa, ningefanya nini? Panda, twende."

"Twende wapi? Nimekwambia mtoto wangu anakufa!"

"Basi baki."

Moraa akambwaga hapo, akamkimbilia Gordon, mvuvi jirani ya mkwe wake, ambaye alisikia neno maiti tu akaisukuma mashua bila swali. Hawakwenda mbali. Walimkuta karibu na matete, shati la bluu, kana kwamba alikuwa akija mwenyewe. Gordon akampa kamba. "Ni wewe uliyemwona, shemeji." Moraa akaingiza mikono majini, akamfunga chini ya makwapa, huku meli ikipiga honi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoinua kichwa ilikuwa imeshageuza mgongo, taa zimewaka, muziki unalia.

Walimlaza mchangani, wakamfunika leso, Gordon akampigia chifu. Moraa akapiga magoti. "Nilikuona. Nilikupita. Nisamehe, baba wa watu." Ukingo wa jua ukazama.

Alirudi kwa Truphena, akaingia bila kubisha. Valentine alikuwa ameketi jikoni, uso una jasho, anakula ugali kwa mikono miwili. "Mama! Umekuja saa ngapi?" Alikuwa wa moto kama mkate. Moraa alimkumbatia, akalia mpaka kamasi.

Simu ikaita. Ni Maranga. Nyuma yake wageni walikuwa wanapiga mayowe.

"Moraa, ulimtoa? Niambie ukweli, ulimtoa yule mtu?"

"Nilimtoa. Yuko nchi kavu."

"Basi nani anagonga chini ya meli? Injini imezima. Kuna mikono chini ya meli, Moraa!"

Truphena alisogeza sikio. "Muulize," akanong'ona, "yeye aliwaona wangapi."

Moraa akauliza. Kwenye simu kukawa na maji, na kugonga, na pumzi ya mtu mzima anayelia.

"Wawili," Maranga akasema. Simu ikakatika.

Moraa akapiga, na kupiga tena. Haikuingia. Gordon alikuwa ameshasimama mlangoni, kamba mkononi, akimwangalia. Na Valentine, mkono wa ugali, alikuwa amemng'ang'ania mama yake kiunoni asiende.