Shanga za Maji na Kipini cha Mina

Uvumi ulienea pale kwetu Dunda kwamba shanga za maji huzaa. Unaloweka moja bakulini, asubuhi unakuta mbili. "Vitu vya kijini hivyo," walisema wenzangu sokoni. Niliuambia moyo usiamini, moyo ukakataa.

Shanga hizo ni punje ndogo za rangi. Wifi yangu Miza hupamba kumbi za harusi. Huziloweka, zikavimba, akazipanga kwenye vyombo vya kioo pamoja na maua. Siku moja akaja na pakiti nyumbani.

"Usizilowanishe humu," nikamwambia. "Zitazaa zitujazie nyumba."

"Na zizae!" Miza akacheka. "Wewe umechoka kuzaa, waachie wenzio."

"Zikae kavu, wifi. Kavu hazina neno."

Basi zikatiwa kwenye kopo, kopo likawekwa dirishani.

Alasiri mwanangu Mina alikuwa barazani akicheza bi harusi, kajitanda kanga yangu. Mara akaja mbio, analia, kashika pua.

"Mama, kipini changu kimeingia ndani!"

"Kipini gani? Wewe una kipini?"

"Cha bluu. Cha kwenye kopo."

Kumbe shanga! Kwa kiwewe nikasahau onyo langu mwenyewe, nikamvutia kwenye birika. "Pandisha maji puani, kama mlivyofundishwa kutawadha chuoni. Halafu penga, kitatoka."

Akapandisha, akapenga. Hakikutoka kitu.

"Tena, mwanangu."

Akapandisha tena na tena. Pua ikazidi kuziba, akawa anahema kwa mdomo.

Jirani yetu Hafidha, muuguzi wa zahanati, alisikia kilio akaja. Nilipomweleza, alininyang'anya birika.

"Mama Mina, acha maji! Unailisha hiyo shanga!"

"Kumbe ina uhai? Basi kweli zinazaa!"

"Haina uhai wala haizai. Mbebe mtoto, twende hospitali. Nitakueleza njiani."

Tukapanda bajaji. Mina nimempakata, machozi yananitoka.

"Ndani ya shanga kuna nyuzi ndefu, nyembamba hata jicho halizioni," alisema Hafidha. "Zimefungamana kwa mafundo, kama wavu. Shanga ikiwa kavu, wavu umejikunja. Maji yakiingia, wavu unatanuka. Mafundo yanazishika nyuzi zisiachane. Ndiyo maana shanga haiyeyuki kama sukari. Inavimba tu, saa baada ya saa."

"Kama mbegu za mrehani kwenye sharubati?"

"Hasa! Zile nazo huvaa utelezi wa namna hiyo. Ila zile ni chakula. Hii inaanza kama punje ya mtama, inaishia kama gololi."

"Mbona ya Mina ilikuwa kavu?"

"Unyevu wa pua unaitosha. Wewe ukaiongezea birika zima."

"Na zile zinazozaa bakulini?"

"Zipo zisizo na rangi, hizo hazionekani ndani ya maji. Unaona moja, kumbe mwenzake yupo, kajificha; asubuhi maji yamenyweka, naye anaonekana."

Nikacheka huku nalia.

Daktari alimmulika Mina, akaingiza chombo chembamba, akavuta taratibu. Ikatoka shanga ya bluu, imeshakuwa kama kunde.

"Mngengoja hadi kesho, ingekwama kabisa," alisema.

Mina akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Nipe kipini changu!"

"Hiki kimefungwa jela," daktari akajibu. Tukacheka sote.

Siku hizi Miza hupamba kwa kokoto za pwani, na watu wanamsifu. Wenzangu wakiniuliza kama shanga huzaa, nawajibu: "Hazizai. Zinavimba, na hilo ndilo la kuogopa."

Kwa hiyo, mama mwenzangu, epuka haya:

Usiweke shanga za maji kwenye nyumba yenye watoto wadogo, hata zikiwa kavu.

Shanga ikiingia puani au sikioni, usitie maji, mafuta wala dawa ya matone. Usichokoe.

Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe dawa ya kuharisha. Usingoje atapike au tumbo lijae. Mpeleke hospitali upesi, na pakiti uichukue.

Usidanganyike kwa kuwa bado anacheza.

Na usimpige mtoto aliyekuja kukwambia. Akinyamaza kwa kuogopa kofi, shanga inaendelea kuvimba.