Mitungi Arobaini na Sita ya Butiama

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili ya tarehe 27 Aprili, Revocatus alifika zahanati ya Mwitongo, Butiama, na uji wa kumpa mkewe kwenye chupa. Alimkuta muuguzi Sara amekaa sakafuni kando ya kitanda, ameegemea mtungi wa oksijeni. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mkewe, Scholastika, alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Huo mtungi una nini?" Revocatus aliuliza.

"Hauna kitu, kaka. Ndo shida."

"Na mingine?"

"Yote tupu. Naombaga thelathini kila mwezi, wanaleta wanavyojisikia."

Kitoto cha siku mbili kilikuwa kinalia chumba cha pili, na hakuna aliyekwenda kukibeba.

Zahanati ilikuwa ya shirika moja la misaada lenye ofisi yake Kitaji, mjini Musoma. Kufikia saa nane mchana shirika lilikuwa limeshafikisha taarifa yake polisi. Wakubwa ni wazito kuleta mitungi, karatasi wanazileta mbio. Taarifa ilisainiwa na mratibu, Bwana Isidori, na ilisema kwamba kwa Aprili peke yake Butiama imehesabiwa mitungi arobaini na sita. Muuguzi aliomba thelathini, kapata arobaini na sita. Basi ama muuguzi ni mwizi, ama aliyetoa stoo ni mwizi.

Jumatatu polisi walipita kwenye karakana za Musoma, na huko Bweri, kwa fundi wa kuchomelea aitwaye Jastin, wakakuta mtungi mweusi wenye bega jeupe, namba 58. Mali ya shirika.

"Nani kakuletea?" aliuliza Sajenti Lukas.

"Mteja, afande. Alitaka fremu za vizimba vya samaki, akatuma dereva wa guta na mtungi, hewa yake nikatie vyuma. Fremu hizo hapo, hesabu mwenyewe."

"Jina lake?"

"Mtu akilipa kwanza simuulizagi jina. Wewe ukinunua vitumbua unaulizwa jina?"

"Mwikwabe, mtunza stoo wa shirika, ni nani kwako?"

Jastin alishusha miwani ya kuchomelea. "Kaoa dada yangu."

Mkuu wa kituo cha polisi alipolisikia hilo hakutaka kusikia lingine. Isidori alikuwa ametuma na karatasi ya pili kutoka kwenye kompyuta: ukiuliza mtungi namba 58, jibu linakuja Butiama, aliyetoa Mwikwabe. Saa kumi jioni Mwikwabe alikuwa ndani. Mahakamani Ijumaa, saa tano. Huko Mwitongo, ambako mke wa Mwikwabe na watoto wanaishi jirani kabisa na alikozikwa Scholastika, ukoo wa marehemu ulisema wazi: siku akisomewa shitaka, ile familia ihame, na nyumba itabaki majivu.

Sajenti Lukas alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Mkewe alishamzika, nyumbani hakuna wa kumngoja, na kesi ambazo hazimpandishi mtu cheo zilikuwa zinatupwa mezani kwake. Jumanne saa mbili asubuhi alimtoa Mwikwabe mahabusu.

"Ulimpa shemeji yako mtungi?"

"Hapana."

"Kompyuta inasema ulitoa wewe."

"Kutoa, natoaga kila siku, ndo kazi yangu. Jumapili mpaka Ijumaa. Ijumaa jua likikaribia kuzama nafunga stoo, funguo naacha ofisini, naenda zangu. Mimi ni Msabato, afande. Hata ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, kumtoa nafikiria mara mbili."

"Una ng'ombe?"

"Ningekuwa na ng'ombe ningekuwa mtunza stoo?"

Lukas alikaribia kucheka. "Sasa nani kaiba?"

"Mimi nashikaga mitungi, sishikagi taarifa. Taarifa zinatengenezwa juu. Nenda juu."

Saa tano Lukas alikuwa Kitaji, mbele ya Dafroza, karani wa takwimu wa shirika. Isidori alikuwa safarini, au ndivyo ilivyosemwa. Dafroza alifungua jedwali kwenye kompyuta. Kila mstari ulikuwa mwendo mmoja: tarehe, namba ya mtungi, kituo, hali, gari, aliyetoa, idadi.

"Hali ni nini?"

"Imejaa au tupu. Mtungi ukienda kituoni umejaa tunaandika jina la kituo. Ukirudi mtupu tunaandika jina lilelile. Ndo tulivyoanzaga tangu shirika linafunguliwa."

"Kwa hiyo ile arobaini na sita..."

Dafroza alitazama mlango. "Taarifa nilitengeneza mimi, afande, ila fomula alinipa bosi. SUMIF, ya kujumlisha, nikaipiga kwenye ukurasa wa Aprili. Ina sharti moja tu: kituo kiwe Butiama. Nikamwambia bosi, tuongeze masharti. Akaniambia, dada, wafadhili hawapendi mambo marefu."

"Ongeza sasa."

"Akijua?"

"Mwambie nilikutishia."

Akafungua jedwali la mwaka mzima, akaandika SUMIFS, ile ya masharti mengi. Kituo kiwe Butiama, mwezi uwe Aprili, hali iwe imejaa. Jibu: kumi na saba. Akabadilisha sharti moja, hali iwe tupu. Jibu: ishirini na tisa. Ukijumlisha ndiyo arobaini na sita. Mgonjwa alikuwa anahesabiwa mtungi unaokuja na mtungi unaoondoka, yote eti imemtibu.

Lukas alipiga simu Mwitongo. "Sara, hapo zahanati mna mitungi mingapi, yote kwa jumla, iliyojaa na mitupu?"

"Sita. Haijawahi kuzidi, afande, hata pa kuiweka hakuna."

Akakata. "Dafroza, mtu ana mitungi sita, kaletewa kumi na saba. Hata akimaliza yote, ni ishirini na mitatu. Karudishaje mitupu ishirini na tisa?"

Dafroza aliweka mkono mdomoni. "Kuna mitupu imetoka kwingine."

"Imekuja na gari gani?"

Sharti la nne: gari. Lori la shirika lilirudisha kumi na saba. Kumi na miwili ilirudishwa na pikapu.

"Sasa mtungi 58. Bosi wako alikuuliza namba tu?"

"Ndiyo, na ukiipa namba tu inashika mstari wa kwanza inaoukuta, inatulia. Huo ni wa Februari. Mtungi unazunguka, afande, unaonekana mara nyingi."

"Ipe namba, na Aprili, na imejaa."

Mstari ukaja mmoja. Mtungi 58, tarehe 12, imejaa, kituo Bunda, gari pikapu, aliyetoa Mwikwabe.

"Tarehe 12 ilikuwa siku gani?"

Dafroza aliongeza safu ya siku. "Jumamosi."

Kisha Dafroza, bila kuambiwa, aliuliza jedwali: mwezi uwe Aprili, aliyetoa awe Mwikwabe, siku iwe Jumamosi. Mistari ilijipanga yote, tarehe 5, 12, 19, 26. Kila Jumamosi mitatu imejaa kwenda Bunda, mitatu mitupu kurudi kwa jina la Butiama. Yote pikapu.

"Na tarehe 26 ni Muungano," Dafroza alisema taratibu. "Hapa palifungwa. Na Jumamosi yoyote ile, Mwikwabe hata ukimpigia simu hapokei. Mji mzima unajua."

"Aliyeandika hakujua?"

"Wakubwa wanatujuaga majina tu, afande. Mtu anasali wapi, anakula nini, wanamjulia wapi?"

Jumatano saa nne Lukas alikuwa Bunda. Kituo cha shirika kilikuwa na mashine yake ya kutengeneza oksijeni tangu mwaka uliopita. Mganga alishangaa kuulizwa.

"Mitungi ya nini, mzee? Sisi hatujapokea hata mmoja mwaka huu."

Lukas akakumbuka fremu za vizimba kwa Jastin, akateremka ufukweni. Huko vijijini kwenye rasi watu wengi siku hizi wanafuga sato kwenye vizimba, na vifaranga vya samaki vinasafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki, maji kidogo, juu inapulizwa oksijeni, mdomo unafungwa na mpira. Kwenye banda la mwisho alikuta mitungi mitatu myeusi yenye bega jeupe, na vizimba vipya vya chuma.

"Mzigo wa nani huu, mama?" alimuuliza Marieta, mwanamke aliyekuwa anafunga mifuko.

"Wa bosi. Analetaga Jumamosi, na pikapu nyeupe. Unataka vifaranga? Leo ninavyo vya kufa mtu."

"Vya kufa mtu," Lukas alirudia, akaondoka.

Ijumaa saa tatu bodi ya shirika ilikaa Kitaji. Isidori alikuwa amesimama mbele, shati limepigwa pasi, takwimu zikiwa zimemulikwa ukutani. Sara aliitwa kujieleza, na Revocatus aliitwa apewe pole rasmi pamoja na bahasha. Lukas aliingia na askari wawili, akaomba Dafroza akae kwenye kompyuta.

"Afande, hiki ni kikao cha ndani," alisema Isidori.

"Na mimi nipo ndani. Mratibu, pikapu nyeupe anaendesha nani?"

"Mimi. Kwa kazi za shirika."

"Tarehe 12 ulipeleka nini Bunda?"

"Sikumbuki. Muulizeni mtunza stoo, jina lake si limeandikwa hapo?"

"Limeandikwa. Ilikuwa siku gani?"

Isidori alitazama ukutani. Dafroza alikuwa ameshaweka masharti yote. Mistari ya Jumamosi ilikaa pale, jina la Msabato kwenye kila mmoja. Mzee Emanuel, mwenyekiti wa bodi, ambaye mwenyewe alizaliwa Mara, alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha.

"We mura, kijana we, Jumamosi umemwandika Mwikwabe?"

"Kompyuta inaweza kukosea."

"Funguo za stoo Jumamosi zipo ofisini kwako," Lukas alisema. "Bunda hawajapokea hata mmoja. Mitungi mitatu ipo ufukweni kwenye banda lako, na Marieta ameshaandika maelezo. Namba 58 uliutuma kwa Jastin akukatie fremu, ukasahau kuufuata. Au hukusahau? Maana ulipoonekana pale, uliharakisha kutuma ule mstari wa Februari."

Isidori alivuta kiti akakaa. Alipoongea, sauti haikuwa ya toba.

"Miezi mitano mwaka jana sikulipwa. Mmoja wenu hapa aliniuliza nakula nini? Mnaongeza posho zenu, mnaandika tukaze mkanda. Nikakopa, nikaweka vizimba. Butiama nikawapunguzia, mitupu nikaipitisha kwa jina lao ili jumla isishuke. Mlipiga makofi kwenye hiyo jumla! Ningefanyaje? Kifaranga bila hewa dakika kumi na tano kimekufa."

Revocatus alisimama.

"Unajua kifaranga kinachukua muda gani," alisema. "Mke wangu alichukua muda gani?"

Isidori aliangalia meza.

"Nakuuliza wewe, maana wewe ndo unajua mambo ya hewa."

Sara alianza kulia. Askari walimshika Isidori mikono, na bahasha ya pole ikabaki juu ya meza. Lukas akiwa bado mlangoni alimsikia mwenyekiti akimnong'oneza Dafroza: kwenye taarifa mpya aandike kumi na saba, sababu asiandike. Dafroza alifunga kompyuta, akachukua mkoba wake.

Saa tano kasoro Mwikwabe alitolewa mahabusu. Mkuu wa kituo alimsukumia mkanda na viatu.

"Una bahati sana wewe."

"Bahati ya nini, afande? Mimi nilikuwa nimefanya nini?"

Mkuu alirudi kwenye simu yake. Mwikwabe alivaa viatu polepole, akatoka nje, akasimama getini. Hakujua aelekee wapi. Habari ya kukamatwa ilifika Mwitongo siku ileile. Ya kuachiwa haikuwa na wa kuipeleka.

Revocatus alikuwa anamngoja kivulini, mtoto kamfunga mgongoni kwa khanga ya marehemu. Wanaume wawili waliopita barabarani walicheka. Hakuwaangalia.

"Jumatatu nilisema uchomewe nyumba," alimwambia Mwikwabe. "Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya ukoo."

"Nilisikia. Mke wangu alipiga simu kituoni."

"Wamekusanyika pale hadi sasa. Wanangoja saa tano."

Mwikwabe alikaza mkanda.

"Twende wote," alisema Revocatus. "Mimi natangulia kuingia uani kwako. Wewe kaa nyuma yangu, na huyu mtoto umbebe wewe. Wakimwona mgongoni kwako, hakuna atakayerusha kitu."

Alifungua fundo la khanga kifuani, akageuka ili mwenzake ampokee.