Vigae vya Ukutani

Sikutambua kwamba mke wangu, Pascaline, alikuwa akipika kwa hofu. Kila alipovuka jikoni alishika ukuta, nami nilidhani ni uzito wa mimba ya miezi minane.

Nyumbani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilikuwa nimebandika kwenye sakafu ya jikoni vigae vyeupe, vile tunavyoviita makaro. Nilivinunua Old Town, Lilongwe. Mng'ao wake ulinikumbusha sebule ya wazazi wangu Bukavu.

Asubuhi moja Pascaline aliipua maharage. Sakafuni palikuwa na tone la mafuta. Mguu wake uliteleza, akaangukia magoti. Maharage ya moto yakamwagika karibu kabisa na miguu ya binti yetu, Bora.

Pascaline hakulia. Alishika tumbo.

"Mutoto anacheza?" nilimwuliza.

"Ngoja kwanza."

Nilingoja. Nilimwondoa Bora kwenye maharage.

"Amecheza," alisema mwishowe.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akasema mama na mtoto ni wazima. Hata hivyo, tuliporudi, Pascaline alisimama mlangoni. Hakutaka kuingia jikoni.

Jirani yetu Tambwe, fundi mwashi kutoka Kindu, alikuja kutupa pole. Alimwaga maji juu ya kigae, akakikanyaga taratibu huku ameshika mlango.

"Papa Bora, iyi karo ni ya ukuta. Ulitaka Mama Bora apikie mu salon ya kupokelea wageni?"

"Lakini inafagika vizuri," nilijitetea.

"Eeh. Inafagia hata bantu."

Pascaline alicheka kidogo.

"Karo ya chini inakwaruzaka kidogo," Tambwe alieleza. "Mbele ya kununua, imwagie mayi, upitishe kidole. Kikiteleza, iache. Tena simenti tu ni muzuri. Usiilainishe na mwiko wa chuma. Pitisha ubao, ibakie na mikwaruzo. Uiinamishe kidogo ku mlango, mayi itoke."

"Niimwage juu ya makaro haya?"

"Hapana, haitashika. Tutayabandua yote."

"Na mi nitapikia wapi?" Pascaline aliuliza.

"Kwetu. Mauwa, muke yangu, anapenda mutu wa kusema naye."

Tulibandua vigae, tukamwaga saruji. Kwa wiki nzima tuliilowesha kila siku ili ikauke polepole, isipasuke.

Mtoto wetu alizaliwa salama. Sakafu ya jikoni sasa ni ya kijivu, wala haing'ai. Maji yakimwagika hutoka nje kupitia mlangoni, na hakuna aliyeanguka tena.