Siku Tuliyochechemea Wote

"Nani amegusa mguu wa Kabui?"

Lynn, rafiki yangu tunayechora naye, alianza kutafuta chaja ambayo ilikuwa mkononi mwake. Wamae hakugeuka. Mwanaume akiwa na hatia huipenda sana kompyuta yake.

"Wamae, nimekuuliza."

"Nimeurekebisha kidogo tu, Ngendo."

Kwenye skrini, Kabui, msichana wa katuni yetu, alikuwa anapanda mlima na kikapu cha majani chai mgongoni. Jana alitembea kama mimi. Leo alitembea kama askari wa gwaride, miguu sawasawa, mtoto wa mtu yeyote na wa popote.

Kazi yetu, katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea hapa Nyeri mjini, ni kuwapa mwendo watu wa kuchora. Picha ishirini na nne kwa kila sekunde. Uso kila mtu anaweza kuchora, lakini mwendo ndio unaosema huyu ni nani. Mimi na Wamae tulipendana tukiwa dirishani, tukitazama watu wanaopanda kutoka sokoni. Kuna mwalimu mkuu mstaafu anayetembea mikono nyuma, bado anakagua madawati. Kuna mama wa kabichi ambaye shingo yake haisongi hata siku ambayo hajabeba kitu. Kila tukimaliza kumsoma mtu mmoja tulicheka, na siku moja tukicheka akanibusu.

Mimi nachechemea. Nyonga yangu ya kushoto ilikaa vibaya tangu kuzaliwa, na mguu huo ni mfupi. Sijawahi kuuficha na sitauficha. Kabui nilimpa mwendo huo kwa miezi miwili, picha baada ya picha, na sijafanya kitu kizuri kuliko hicho.

"Rudisha," nikasema.

"Haiwezekani. Nilisevu juu yake."

"Ulifuta?"

"Ni katuni ya watoto, Ngendo. Watamcheka."

"Mimi walinicheka tangu nasari. Nilikufa?"

"Si hivyo..."

"Ni nani alikuambia mguu yake iko na makosa?"

Akajisugua uso. Namjua. Akijisugua uso, ukweli uko njiani.

"Mama aliona kwa simu yangu. Akauliza mbona tunaonyesha watu mtoto kilema. Halafu akasema hiyo siku ya ruracio ukae tu kwa kiti. Usisimame kwa laini na hao wengine. Na ile pombe ya baba yako, Lynn aibebe. Ati usichoke."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema tutaona."

Kwetu, siku ya ruracio, yaani siku ya kuleta mahari, bibi harusi hufunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, yeye na wanawake wengine, wakapita kwa laini, na bwana anatakiwa kumtambua wake. Akikosea anapigwa faini ya mbuzi na watu wanacheka. Baadaye msichana anambebea babake pombe, na baba anamuuliza mbele ya watu wote kama anywe. Akimwambia anywe, basi amekubali kuolewa. Murugi, mamake Wamae, alitaka nifanye hayo yote nikiwa nimeketi kama mgonjwa anayengoja daktari, na mwanawe akasema tutaona.

Nilichukua mkoba. Nilishuka ngazi polepole nikahakikisha kila hatua inasikika.

Alinipigia simu mara tisa. Sikushika. Akaandika:

"Nisamehe Ngendo. Nitaongea na mama."

Nikamjibu: "Mje ile Jumamosi tulipanga. Nitakuwa kwa laini, nimesimama. Ukichagua mwingine sitaki mbuzi yenu. Natoa leso naingia kwa nyumba, nyinyi mnarudi kwenu Kerugoya."

Jibu lilikuja usiku.

"Sawa," akaandika.

Zilibaki wiki mbili. Nilienda nyumbani Mukurwe-ini, na Tata Waithira, dada ya baba, akanijia na kiatu cha soli nene upande mmoja.

"Mami, vaa hii. Inanyoosha."

"Tata, weka hiyo chini. Nataka nikufundishe kutembea."

"Mimi? Miaka sitini na tatu?"

"Wewe, Watiri, Mbeti na Lynn. Nyote mtachechemea kama mimi."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni. Kama ni aibu, waione mara tano."

Tata alinitazama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akakitupa kile kiatu kwenye zizi la ng'ombe.

Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba siku nne. Watiri, binamu yangu, alizidisha, ungedhani amepigwa risasi. Mbeti, jirani yetu, alikuwa akisahau ni mguu upi. Lakini Lynn ni mchoraji kama mimi. Siku ya tatu nilimwona akitembea, nikashtuka kama mtu aliyejiona kwa kioo bila kutarajia.

"Na Wamae akinichagua mimi?" akaniuliza.

"Basi utakuwa umepata bwana."

Hakucheka.

"Anachora mguu ya Kabui upya, Ngendo. Kila siku. Aliniomba video yako ukitembea nikamnyima."

"Umefanya vizuri. Aliufuta na mkono yake, autafute na kichwa yake."

Nilisema hivyo kwa ukali, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Nilikuwa nampenda yule mwanaume. Ningefunga mlango na bado ningempenda, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Jumamosi wakaja, mahema mawili yakajaa. Tukafunikwa. Ndani ya leso nilikuwa naona nyasi tu na miguu ya watu. Nilimsikia Murugi akipita. Yeye hutembea kifua mbele, hatua fupi za haraka, kama anayeenda kwa chifu kushtaki mtu. Ningemjua hata usingizini.

Tata akatangulia, akachechemea. Watiri akafuata, akachechemea. Lynn, mimi, kisha Mbeti. Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta peke yake, akanyamaza.

"Hii ni nini?" Sauti ya Murugi. "Mnatuchezea?"

"Mgeni, keti," baba akasema kwa upole. "Msichana wetu yuko hapo. Kijana achague."

Viatu vya kahawia vya Wamae vikaanza safari. Vikampita Tata. Vikampita Watiri. Vikasimama kwa Lynn, vikakaa hapo. Nilishika pembe ya leso, tayari kuivua.

"Naomba watembee tena," akasema.

"Bwana harusi anataka marudio!" mwenye kipaza sauti akapaza, na watu wakaangua kicheko.

"Ndiyo. Mara moja tu."

Tulizunguka tena. Viatu vikaja moja kwa moja, vikasimama mbele yangu.

"Ni huyu."

"Umejuaje?" Murugi akauliza. "Si wote wamelemaa?"

"Mama, hao wanne wanaangukia mguu wa kushoto halafu wanajiokoa. Ngendo haanguki. Bega inatangulia, mguu inafuata, na mkono wa kulia unafunguka kidogo, kama mtu anaachilia mbegu ya maharagwe. Nimeichora siku kumi na mbili." Akavuta pumzi. "Niliifuta kwa sababu niliogopa kukujibu. Makosa ilikuwa yangu. Haikuwa ya mguu."

Niliiachilia ile pembe ya leso.

"Kabui anatembea hivyo tena?" nikauliza nikiwa bado ndani ya leso.

"Karibu. Huo mkono umenisumbua."

"Mkono ni ngumu," nikamwambia.

Akanifunua. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumkumbatia, lakini kazi ilikuwa haijaisha.

Muratina, ile pombe ya baba, ikaletwa kwenye kibuyu, imejaa hadi ukingoni. Murugi akainuka.

"Lynn, hebu msaidie mwenzako."

"Mama Wamae, wacha," nikasema. "Hii ni yangu."

Kutoka hapo hadi kwa baba zilikuwa hatua arobaini. Pombe ilimwagika kwenye vidole, kwenye nguo, kwenye nyasi. Sikupunguza mwendo na sikumtazama mtu. Nilipofika, baba akauliza vile baba huuliza:

"Ngendo, tunywe hii?"

Nilimgeukia Murugi.

"Mama, umeona vile natembea?"

"Nimeona."

"Mtoto wetu akitembea hivi, atakaa kwa kiti wageni wakija?"

Alitazama nyasi, pale pombe ilipochora mstari wa hatua zangu. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye safari hii hakujisugua uso.

"Hatakaa," akasema polepole. "Atembee."

Nikamkabidhi baba kibuyu.

"Kunywa, Baba."

Akachungulia ndani.

"Imebaki nusu."

"Kunywa hiyo," nikamwambia.