Gita la Kwaya ya Mtoni

Kufuli la stoo ya kwaya lilikuwa limekatwa. Kinanda kilikuwepo, spika zilikuwepo, gita jipya halikuwepo.

Inspekta Sekela alisimama mlangoni mwa stoo ile, kanisani Mtoni, akatazama bila haraka. Kinanda kile kingepata mnunuzi kabla ya jua kuzama. Mwizi gani huyu anayeacha nyama na kuondoka na mfupa?

"Zamu ilikuwa ya mlinzi, Mzee Marselino," alisema Mwalimu Fredrick, kiongozi wa kwaya. "Mmeshamweka ndani. Mwulizeni yeye."

"Tumemwuliza. Hakusikia kitu."

Sekela hakuipenda ile "mwulizeni yeye". Marselino alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kampuni yake ya ulinzi ilishatamka kwamba gita lisipopatikana, kazi hana.

"Gita lenyewe likoje?"

"La Ulaya, afande. Mbao halisi, siyo plaiwudi. Nilichagua mwenyewe. Mie magita nayajua."

"Nani ameshalipiga?"

"Hakuna. Sie chombo kipya hakiguswi mpaka kiwekwe wakfu. Kinafunikwa kitenge hadi Jumapili. Tumealika mpiga gita hodari aje alizindue."

Mama Flaviana, mwenyekiti wa kwaya, aliitikia kwa kichwa. Yeye na wenzake walikuwa wamekaanga na kuuza maandazi tangu Kwaresma ili gita hilo lipatikane.

Sekela akaligonga sanduku kubwa la majoho lililokuwa pembeni.

"Hilo halikuvunjwa," Fredrick aliwahi kusema.

"Ndiyo maana nataka kulifungua. Ufunguo anao nani?"

Aliyejibu ni Mama Flaviana. "Mwalimu."

Gita lilikuwa chini ya majoho, ndani ya kitenge chake.

Ujanani kwao Tukuyu, Sekela alipigia gita kwaya ya vijana, na aliwahi kuuziwa gita kimeo. Akalielekeza jichoni kama anayepima ubao: shingo imepinda. Akapenyeza kidole chini ya nyuzi, kikapita chote; zimekaa juu mno. Ukingoni mwa tundu alihesabu matabaka ya plaiwudi. Kichwani mwa gita, mahali pa nembo, palibaki gundi tu.

"Mwalimu, hili ni gita la kujifunzia. Tena limetumika, likapakwa rangi upya. Ulijua lini?"

Fredrick akaketi juu ya spika. Alionekana amechoka ghafla.

"Ijumaa. Nilifunua kitenge nifute vumbi. Nembo ikabaki kwenye kitambaa."

"Kufuli ukakata mwenyewe."

"Nikakata. Nilisimama mbele ya washarika wote, nikawaambia mjuzi ni mie, wasinitafutie msaidizi. Nikalinunua mtaani kwa kung'aa kwake tu. Yule mgeni angelishika mara moja, angejua. Nikaona bora liibwe kuliko nichekwe."

"Na Mzee Marselino?"

"Nilidhani mtamwachia. Mzee wa watu, nani asingemwonea huruma?"

Sekela alishikwa na hasira, na ndani ya hasira hiyo alimhurumia pia, jambo lililomkera zaidi. Mama Flaviana alilichukua gita, akalirudishia kitenge taratibu.

"Ungetuambia umeingizwa mjini, Mwalimu," alisema. "Tungekucheka wiki nzima, halafu tungewasha majiko tena. Sie tulitaka kuimba tu. Hata bovu hili lingetutosha."

Fredrick alinyosha mikono yake miwili. Sekela akamfunga pingu.

Kituoni, Marselino alikuwa ameshatolewa mahabusu. Alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na kaunta, anarudisha kamba kwenye viatu vyake. Fredrick aliposogezwa kuandikisha maelezo, alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Marselino alifunga kiatu cha kushoto, akafunga cha kulia. Akainuka, akawaaga askari mmoja mmoja kwa mkono, akatoka nje. Fredrick alibaki ameinamisha kichwa, bado anasubiri marahaba yake.